Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda: Gitaa la Achitopu na Umeme Wake

Chukua gitaa la achitopu la miaka ya 1930 lililopita mikono mingi, ulipapase kifua chake kilichobinuka. Mara nyingi kidole kitakutana na tundu la mstatili karibu na shingo, lililokatwa kwa msumeno, na vitundu viwili vitatu vya vitufe upande wa chini. Aliyekata hakuwa mharibifu. Alikuwa mpigaji aliyechoka kutosikika. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na historia ya gitaa hili inasomeka katika vidonda vyake.

Inaanzia Kalamazoo, jimbo la Michigan, Marekani. Huko, miaka ya 1890, Orville Gibson alianza kuchonga vifua vya mandolini na magitaa kwa namna ya mafundi wa fidla: ubao mnene unakwanguliwa ndani na nje mpaka utune. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1902. Miaka 20 baadaye, chini ya jicho la Lloyd Loar, ikatoa L-5, gitaa lenye matundu mawili ya umbo la herufi f badala ya tundu moja la duara. Sauti yake ilikuwa kali na ilifika mbali, ikapata kazi katika bendi za jazi. Freddie Green aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937, akashika mdundo humo mpaka alipofariki mwaka 1987, na sifa yake aliijenga kwa gitaa kavu, lisilo na umeme.

Lakini kushika mdundo ni jambo moja, kupiga solo mbele ya tarumbeta na saksafoni ni jingine. Jibu lilitoka California. George Beauchamp, akishirikiana na Adolph Rickenbacker, alitengeneza gitaa dogo la aluminiamu lililopewa utani wa Kikaango, likaingia sokoni mwaka 1932. Siri yake ilikuwa pikapu. Si gari la mizigo hili, bali sumaku na koili ya waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika koili, na amplifaya huukuza. Hataza aliyoiomba Beauchamp mwaka 1934 ilitolewa mwaka 1937.

Gibson nao hawakukaa kimya. Mwaka 1936 walileta ES-150, achitopu yenye pikapu iliyofungwa kiwandani. Sumaku zake zilikuwa ndefu na nzito, zikining'inia ndani ya kasha kwa skrubu tatu zilizotoboa kifua. Miaka mitatu baadaye Charlie Christian aliingia nayo katika kundi la Benny Goodman, na gitaa likaanza kuzungumza kwa zamu na ala za kupuliza. Christian alifariki mwaka 1942 akiwa na miaka 25. Muda mfupi huo ulitosha. Aliyemsikia hakutaka tena kurudi kwenye gitaa kavu.

Wengi wakashika msumeno. Wengine, hata hivyo, walikuwa na njia ya pili. Harry DeArmond wa Toledo, Ohio, alibuni pikapu iliyoshikizwa juu ya kifua bila kukikata, ikaweza kufungwa jioni na kufunguliwa asubuhi. Kati ya njia hizo mbili, ya kutoboa na ya kuegesha, ndipo ubishi wote wa baadaye ulipo.

Umeme nao ulikuja na tatizo lake. Kasha lililo wazi ndani huitikia sauti ya amplifaya, nayo amplifaya huirudisha, mpaka gitaa linaanza kupiga yowe. Mpiga gitaa Les Paul alilitafutia dawa kali: karibu mwaka 1940 alifunga nyuzi na pikapu kwenye gogo la mbao, akapasua achitopu ya Epiphone katikati na kubandika nusu zake pembeni, ili watu waone bado ni gitaa. Gibson walikwenda polepole. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walileta pikapu ya P-90, na mwaka 1949 wakatoa ES-175, ambayo kifua chake hakikuchongwa bali kilitengenezwa kwa mbao nyembamba zilizogundishwa, zisizoitikia upesi.

Likabaki tatizo la mvumo. Koili moja hunasa pia mtetemo wa umeme wa nyumbani, mara 60 kwa sekunde Marekani na mara 50 huku kwetu. Mwaka 1955 Seth Lover wa Gibson aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zilizosokotwa kinyume, kila moja na ncha yake ya sumaku. Mvumo ukiingia pande zote mbili unajifuta. Sauti ya uzi inajumlishwa. Zilianza kufungwa kwenye magitaa mwaka 1957, nyuma yake kukiwa na kibandiko kinachosema hataza imeombwa. Hataza ilitoka mwaka 1959, lakini vibandiko vilivyofuata viliandikwa namba ya hataza nyingine kabisa, ya kifaa cha kushikia nyuzi!

Njia ya DeArmond haikufa. Mwaka 1961 Gibson walitoa gitaa lililopewa jina la mpigaji Johnny Smith, lenye pikapu iliyoshikiliwa mwisho wa shingo bila kugusa kifua.

Kisha msumeno ukahamia nyumbani. Mwaka 1972 kampuni ya DiMarzio ilileta pikapu ya kuuzwa peke yake, ya kubadilisha ile ya kiwandani, na watengenezaji wengine wakafuata. Kila mwenye chuma cha kuchomelea akawa fundi. Pikapu zilizong'olewa wakati huo kama takataka ndizo wakusanyaji wa vitu vya kale wanazozisaka leo.

Fundi wa leo ana bahati ya kuijua hadithi yote kabla hajayeyusha risasi. Aanze kwa kusoma. Mgongoni mwa potenshomita, kifaa kinachozungushwa na kitufe cha sauti, kuna namba. Akikuta 1376623, basi 137 ni kiwanda cha CTS, 66 ni mwaka na 23 ni wiki. Kitufe kinachokwaruza mara nyingi kina vumbi tu, na dawa ya kusafishia swichi hutosha. Waya uliovikwa kitambaa kinachomomonyoka, au kapasita ya karatasi iliyovuja, hapo pana sababu ya kubadilisha.

Achitopu kwa kawaida haina mlango wa nyuma. Kila kitu hupita tundu la f. Kabla ya kusukuma vifaa vya zamani ndani, kila kimoja kifungwe uzi, ili uzi ubaki tunduni ukionyesha njia ya kurudia. Nyaya mpya ziunganishwe nje, juu ya kadibodi iliyotobolewa kwa vipimo vya kifua, kisha zivutwe kwa uzi uleule. Waya wa ethi unaokwenda kwenye chuma cha mkia usisahauliwe, la sivyo nyuzi zitavuma.

Vilivyotoka viwekwe kwenye bahasha pamoja na mchoro na tarehe, bahasha ikae ndani ya sanduku la kubebea gitaa. Siku mmiliki mwingine atakapopapasa kifua hicho, kidole chake kipite bila kukutana na tundu jipya.