Kisomo cha Watu Wazima Tanzania, 1970–1986: Mzigo Uliobebwa na Jumuiya

Mzee wa kanisa asomapo somo mbele ya usharika, ni mara chache tunajiuliza ni nani aliyemfundisha kusoma. Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kihistoria, kwa maana jibu lake linalihusu Kanisa kuliko tunavyodhani.

Wakati wa sensa ya mwaka 1967, karibu theluthi mbili ya Watanzania wenye umri wa miaka 10 na zaidi hawakujua kusoma wala kuandika. Katika mkesha wa mwaka 1970, Rais Julius Nyerere aliutangaza mwaka huo kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 wilaya chache, zikiwamo Kilimanjaro, Pare, Masasi, Mafia na Ukerewe, zilitakiwa kuwa za kwanza kufuta ujinga. Kisha kampeni ikaenea nchini kote. Kufikia mwaka 1975 walioandikishwa walizidi milioni 5. Upimaji wa kitaifa wa mwaka huo ulionyesha kuwa wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39, na ule wa mwaka 1986 ukataja asilimia 9.6.

Serikali peke yake isingaliweza kazi hiyo. Walimu wa shule za msingi hawakutosha, hivyo wengi waliofundisha walikuwa watu wa kujitolea, wakiwamo vijana waliomaliza darasa la saba. Posho yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi. Walifundisha chini ya miti, katika madarasa ya watoto nyakati za jioni, na hata katika majengo ya ibada. Mabalozi wa nyumba kumi waliwahimiza majirani. Vitabu navyo vilizungumzia pamba, migomba, uvuvi na mifugo, kwa kufuata mradi wa majaribio ulioanzishwa Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Wanafunzi walio wengi walikuwa wanawake, waliofika wakiwa wametoka shambani.

Mwaka 1973 kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya vijijini. Walisikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Hapo kusoma kulikuwa kazi ya jirani na jirani mwenzake.

Hata hivyo hatuna budi kukiri kasoro. Mahali pengine zilitungwa sheria ndogo za kuwatoza faini watoro, na aliyekuja kwa hofu ya faini hakuwa na sababu ya kuendelea baada ya mtihani. Tena, baada ya vita vya Kagera vya miaka 1978–1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha na karatasi viliadimika. Madarasa yakapungua, na magazeti ya vijijini kama Elimu Haina Mwisho hayakuweza kumfikia kila aliyehitaji. Wengi waliofaulu walikosa cha kusoma, wakasahau. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kuwa karibu watu 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawakujua kusoma.

Je, Kanisa linaweza kuilaumu Serikali? Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, kufundisha kusoma kulikwenda pamoja na kufundisha imani, na walimu Waafrika ndio waliozibeba shule za vichakani. Lakini mara nyingi kusoma kulihesabiwa kuwa mlango wa kuingilia ubatizo au kipaimara. Mtu alipokwisha kuupita, hatukumwuliza tena anasoma nini. Kosa hilo ni lile lile la mtihani wa Serikali.

Historia hii yatufundisha kwamba kusoma hudumu pale tu jumuiya inapokutunza. Usharika una watu, una jengo na una kitabu ambacho watu wake wanatamani kukisoma. Filipo hakumpima yule towashi wa Kushi na kumwacha. Alipanda garini, akaketi pamoja naye. Nasi tukiwaandaa wachungaji, tuwaandae kwa kazi hiyo ya kuketi pamoja na asomaye kwa shida, hata baada ya kipaimara.