Maktaba Mtandao katika Maandalizi ya Mitihani na Stadi za Kazi

Maktaba mtandao ni mkusanyo wa vitabu, mitihani, masomo ya video na mazoezi uliohifadhiwa kidijitali, ukapangwa kwa utaratibu wa kimaktaba na kufikiwa kwa simu au kompyuta kupitia intaneti. Huitwa ya bure pale ambapo msomaji hatozwi ada, ingawa gharama ya kuiandaa na kuitunza hubebwa na serikali, taasisi ya elimu au wafadhili. Watumiaji wake wakuu ni watahiniwa, yaani watu wanaojiandaa kufanya mtihani, pamoja na watafuta kazi wanaohitaji stadi za kuomba ajira na za kuifanya kazi yenyewe.

Chimbuko

Katika Afrika Mashariki huduma ya maktaba za umma ilianza kwa majengo na rafu. Kenya iliunda shirika lake la taifa la maktaba mwaka 1965, na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Julius Nyerere wa Tanzania alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Maktaba hizo zilimfaa zaidi mkazi wa mjini, kwa kuwa mwanafunzi wa kijijini alitegemea kitabu kimoja kilichogawanywa kwa wenzake wengi. Wakati huohuo fikra ya kusambaza maandishi kwa kompyuta ilikuwa ikikua Marekani, ambako Michael Hart alianzisha Project Gutenberg mwaka 1971, na ambako chuo kikuu cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kingeweka masomo yake mtandaoni bila malipo. Mwaka 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo kuhusu rasilimali huria za elimu, yaani nyenzo ambazo sheria ya hakimiliki au leseni ya mwandishi humruhusu kila mtu kuzisoma, kuzinakili na kuzirekebisha.

Aina za huduma

Neno bure hubeba maana mbili katika huduma hizi. Aina ya kwanza ni nyenzo zilizo wazi kwa yeyote mwenye intaneti, kama vile vitabu vya OpenStax na masomo ya Khan Academy. Aina ya pili ni hifadhidata za kibiashara ambazo maktaba huzilipia ili wanachama wake wazitumie bila kutoa fedha. Nchini Marekani maktaba nyingi za umma hutoa kwa njia hiyo mazoezi ya mtihani wa GED, ambao ulianzishwa mwaka 1942 kwa ajili ya wanajeshi waliokuwa hawajamaliza sekondari na ambao leo humpa mtu mzima cheti cha kiwango hicho. Mhamiaji kutoka Kongo au Burundi aliyekatiza shule na kuhamia huko huweza kuutumia uanachama wake wa maktaba kujiandaa kwa mtihani huo akiwa nyumbani.

Matumizi katika maandalizi ya mitihani

Nchini Tanzania maandalizi yenye tija huunganisha nyenzo za taasisi mbili. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo huandaa mitaala, huweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake. Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, huweka katika tovuti yake fomati za mitihani, yaani maelezo ya idadi ya karatasi, sehemu za kila karatasi na mada zinazotahiniwa, pamoja na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa.

Taarifa hizo za uchambuzi zina thamani kubwa. Kila moja hushughulikia somo moja la mtihani mmoja, hupitia swali baada ya swali, hueleza swali lilipima nini na watahiniwa walilijibu kwa kiwango gani, kisha huonyesha sampuli za majibu mazuri na mabaya pamoja na sababu za kukosea. Mtahiniwa anayekusanya maswali ya miaka iliyopita bila kuzisoma huishia kujua kilichoulizwa tu, ilhali anayezisoma hujua pia mtahini alitaka nini na wenzake walianguka wapi. Kwa sababu hiyo utaratibu unaofaa ni kuanza na muhtasari wa somo, kuendelea na kitabu cha kiada, kujibu mtihani wa zamani kwa muda uliopangwa bila kufungua daftari, na mwishowe kulinganisha majibu na uchambuzi wa Baraza. Mtahiniwa wa kujitegemea, ambaye hana mwalimu wa kumsahihishia, hufaidika na utaratibu huu kuliko mtu yeyote.

Matumizi katika stadi za kazi

Mpaka kati ya mtihani na ajira si mkubwa. Katika utumishi wa umma wa Tanzania maombi ya kazi hupokelewa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira, na waombaji huweza kupitia usaili wa mchujo ambao ni wa kuandika, usaili wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, na usaili wa mahojiano. Mwombaji huhitaji kwanza kujua kuandaa wasifu, kuandika barua ya maombi na kupakia vyeti kwa usahihi, kisha kurejea maarifa ya taaluma yake. Masomo huria ya mtandaoni humsaidia pia kujifunza uchapaji, majedwali ya hesabu, utunzaji wa vitabu vya biashara na Kiingereza cha ofisini.

Vikwazo na tahadhari

Huduma isiyo na ada bado humgharimu msomaji bando la intaneti, hivyo ni busara kupakua nyenzo mara moja na kuzisoma baadaye nje ya mtandao. Shule zisizo na intaneti ya uhakika huweza kutumia programu huria kama Kolibri, ambayo huhifadhi masomo katika kompyuta moja na kuyasambaza kwa vifaa vilivyo karibu. Lugha nayo ni kikwazo, kwa kuwa nyenzo nyingi za kimataifa ni za Kiingereza. Vilevile mitaala hubadilika: Tanzania ilianza kutekeleza mitaala mipya mwaka 2024, na Kenya ilifanya mtihani wa mwisho wa KCPE, uliokuwa wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023, hivyo msomaji sharti ahakikishe kitabu alichopakua kinalingana na muhtasari unaotumika. Kurasa zinazodai kuuza mitihani iliyovuja ziepukwe kabisa, kwa kuwa udanganyifu huweza kumfutia mtahiniwa matokeo yake.

Nafasi ya mkutubi

Wingi wa nyenzo hauondoi haja ya mkutubi, bali huiongeza. Msomaji mpya huhitaji mtu wa kumwonyesha nyenzo rasmi, kumfundisha kufungua akaunti na kumsaidia kupanga ratiba, na maktaba za mikoa na wilaya ndizo zilizo karibu zaidi na wananchi kwa kazi hiyo. Maktaba mtandao hutimiza lengo lake pale inaposimamiwa na watu wanaoijua na kuwajali wasomaji wake.