Gobore la kuiga: Kasoro ya nyundo na tiba yake

MJI wa Eldoret, ambao mtaa wa Munyaka ni sehemu yake, unafahamika kwa kiwanda cha risasi kilichoanza kazi mwaka wa 1997. Hata hivyo, ipo bunduki isiyohitaji risasi za kiwandani: gobore, ambalo hushindiliwa baruti na goroli kupitia mdomo wa mtutu.

Magobore yalienea Afrika Mashariki katika karne ya 19 kupitia misafara ya biashara. Mkataba wa Brussels wa mwaka wa 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa, lakini ukaziachia mwanya zile za gumegume. Leo yapo ya kuiga. Mengine hutoka viwandani Italia, mengine hufuliwa na mafundi wa vijijini.

Hatari ya gobore la fataki imo katika nyundo, kipande kinachoigonga fataki na kuwasha baruti. Nyundo ikivutwa hadi nusu, ulimi wa chuma huingia katika pengo lenye kina, na hapo bunduki haipaswi kulia hata kifyatulio kikivutwa. Pengo lililochongwa bila kina cha kutosha, au kwa chuma laini, hulika. Bunduki ikianguka, nyundo huponyoka. Kuilaza nyundo juu ya fataki nako si salama, kwani pigo dogo mgongoni mwake laweza kuiwasha.

Tupa si tiba. Mara nyingi chuma cha pengo hukomazwa juu juu tu. Tupa huondoa ngozi hiyo ngumu na kasoro hurejea upesi. Tiba ni kubadilisha kipande chenye pengo pamoja na ulimi wake, kisha fundi aijaribu bunduki ikiwa tupu.

Kasoro ya jamii hii haiko kwa magobore pekee. Mwaka wa 1973 kampuni ya Ruger ya Marekani iliunda upya bastola zake za mtindo wa kale ili zisilie zikigongwa, na baadaye ikajitolea kurekebisha zile za awali bila malipo.

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mwenye bunduki awe na cheti, na humkataza asiyesajiliwa kukarabati silaha kibiashara. Kabla ya kufikishwa kwa fundi huyo, fataki iondolewe na bunduki ifungiwe mbali na watoto.