Brasília: Mji Uliozaliwa kwa Mistari Miwili

Kila ifikapo tarehe 21 Aprili, Brazili huadhimisha uzinduzi wa Brasília, makao makuu yaliyozinduliwa mwaka 1960 katika uwanda wa juu wa bara, zaidi ya kilomita 900 kutoka Rio de Janeiro, mji mkuu wa awali. Azma ya kuhamia bara ilikuwa katika katiba tangu mwaka 1891, lakini ni Rais Juscelino Kubitschek aliyeitekeleza, huku majengo ya serikali yakisanifiwa na Oscar Niemeyer.

Ramani ya mji ilipatikana kwa shindano lililoamuliwa Machi 1957, nalo lilizua ubishi mkubwa. Katika miradi 26 iliyopokelewa, wako walioleta takwimu na michoro ya kina iliyofanyiwa kazi na makundi ya wataalamu, ilhali Lúcio Costa aliwasilisha kurasa chache tu zenye maelezo na michoro ya mkono, akitanguliza radhi kwamba hakukusudia kushindana. Wazo lake lilikuwa mihimili miwili inayokatana kama msalaba, mmoja ukipindwa kufuata mteremko wa ardhi, ndiyo maana wengi huufananisha mji huo na ndege. Jopo la waamuzi, akiwemo Mwingereza William Holford, lilimpa ushindi, lakini mwakilishi wa chama cha wasanifu majengo, Paulo Antunes Ribeiro, aliupinga uamuzi huo. Pingamizi lake lilikuwa na uzito, ingawa hakuna hesabu ambayo ingeupa mji umbo linaloeleweka kwa kutupiwa jicho mara moja.

Msafiri anayepanda mnara wa televisheni huliona umbo hilo wazi, lakini akishuka hukuta mji uliopimwa kwa mwendo wa gari, ambamo waenda kwa miguu wamejichongea vijia vya udongo mwekundu katikati ya nyasi. Kivuli hukipata katika superquadra, yaani mtaa wa makazi wenye majengo yasiyozidi ghorofa sita, yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili mtu apite chini yake bila kuzuiwa na ukuta. Mihimili inapokutana ipo stendi kuu ya mabasi, ambako wafanyakazi wanaotoka miji ya pembezoni hula maandazi yaliyojazwa nyama au jibini, wakiyashushia maji ya miwa.

Miji hiyo ya pembezoni ni sehemu ya historia isiyostahili kuachwa kando. Vibarua waliojenga Brasília waliitwa candango, neno linalohusishwa na Kimbundu, lugha ya Kibantu ya Angola, na wengi wao hawakupata makazi katika mji walioujenga. Taguatinga ulianzishwa kwa ajili yao mwaka 1958, kabla hata ya uzinduzi. UNESCO iliitangaza Brasília urithi wa dunia mwaka 1987, na watalii humiminika kwenye kanisa kuu la Niemeyer lenye nguzo 16, ilhali kumbukumbu za vibarua zimehifadhiwa katika majengo ya mbao ya hospitali yao ya kwanza, ambayo mgeni hayafikii asipoyaulizia.