Ngitili: Akiba Tuliyoachiwa na Wazee



Wenzetu wa pwani wana mikoko. Kule Rufiji watu wamejenga kwa boriti zake vizazi na vizazi, wamevua kamba na samaki wanaokulia kwenye mizizi yake, na majahazi yamepeleka boriti hizo hadi Uarabuni. Sisi hatuna bahari, ila tunayo ngitili, nayo imetutunza vivyo hivyo.

Utaratibu wake tunaujua. Mvua zikianza, mzee alitenga sehemu ya malisho na kuifunga. Nyasi zikakua, miti ikachipua. Kiangazi kilipokaza, mwezi wa saba au wa nane, ngitili ikafunguliwa kwa ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai. Kwa lugha ya kazi yetu ya uhasibu, ile ilikuwa akiba: hukuigusa wakati wa neema ili ikufae wakati wa shida.

Akiba hiyo iliwahi kuliwa karibu yote. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwaita watu wetu kwa maelfu kufyeka mapori ili kuangamiza mbung'o. Pamba ikaongeza mashamba, mifugo ikaongezeka. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 na 1975. Familia zilihamia vijiji vipya, na ngitili nyingi zilizoachwa nyuma zikabaki bila mwenyewe.

Sisi tunaoandika haya tulizaliwa karibu na miaka ya 1980. Tuliwaona mama zetu wakitoka alfajiri kutafuta kuni, na zikikosekana, wakapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Samadi ya shambani ikaishia jikoni. Ndiyo miaka ambayo mkoa wetu uliitwa jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni mkazo uliwekwa kwenye vitalu na miche ya miti ya kigeni, na matokeo hayakuridhisha. Hapo wataalamu wakarudi kwa wazee, ambao walijua kwamba visiki vya migunga vilikuwa bado hai ardhini. Kilichotakiwa ni kufunga eneo na kuzuia shoka na mifugo. Dagashida ikapanga sheria, sungusungu wakalinda, mkosaji akatozwa faini.

Hesabu zinasema. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa kama hekta 600. Kufikia 2004, mradi ulipofungwa, zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa wakati ule, ambao sehemu zake leo ziko Geita na Simiyu. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Utafiti uliofuata ulikadiria faida ya ngitili kuwa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50.

Lakini wastani huficha mengi. Mwenye ng'ombe wengi na eneo kubwa alipata zaidi. Mjane asiye na shamba alitegemea ngitili ya kijiji kwa kuni, dawa, uyoga na asali. Ile ya kijiji ikiisha, yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Na sasa inaliwa tena. Wachimbaji wadogo wanahitaji matimba ya kushikilia mashimo. Miji inahitaji mkaa, na gunia lililoko barazani kwetu mjini halikutoka mbinguni. Zaidi ya hayo, mzee akifariki, sisi watoto tulioko mbali huwa wa kwanza kudai ngitili igawanywe na iuzwe viwanja. Tuseme ukweli: katika daftari hili jina letu liko upande wa wadaiwa.

Ndiyo maana mwaka huu chama chetu kinaomba mchango wa kupima mipaka ya ngitili za vijiji, kuziandikia sheria ndogo na kuwawezesha walinzi wake. Aliyetoka Tinde asipite njia panda ile akiangalia barabara tu. Ageuke, atazame miti iliyosimama, kisha atoe alichojaliwa.