Programu Inapostaafu: PageMaker na Hatima ya Kurasa za Kiswahili

1. Utangulizi

Historia ya uchapishaji wa Kiswahili imezoeleka kuandikwa kama historia ya vitabu, magazeti na watunzi wake. Vyombo vilivyopangia kurasa hizo hutajwa kwa nadra, kana kwamba maneno yalijipanga yenyewe juu ya karatasi. Zamani kimya hicho hakikuwa na madhara makubwa, kwa kuwa kitabu kikishachapwa hakimhitaji tena mpiga chapa ili kisomwe. Tangu miaka ya 1980 hali imebadilika. Ukurasa unaopangwa kwa kompyuta huhifadhiwa ndani ya faili, na faili nyingi za aina hiyo husomeka tu iwapo programu iliyoziunda, au nyingine inayoielewa lugha yake, ingali inafanya kazi.

Makala haya yanachunguza kisa cha programu moja, PageMaker, iliyopendwa sana na wachapishaji wadogo duniani, kisha ikastaafishwa na wenyewe. Hoja kuu ni kwamba hasara ya kustaafishwa huko si kupotea kwa chombo kilichozoeleka, kwani chombo kingine hupatikana. Hasara ni kufungwa kwa mlango wa maandishi yaliyohifadhiwa ndani yake. Lugha ambayo machapisho yake ya kitaaluma hutolewa kwa nakala chache haina budi kuitazama hasara hiyo mapema kuliko lugha nyingine.

2. Ukurasa usiohitaji ufunguo

Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilipohamia Unguja mwaka 1864, Edward Steere alikuwa miongoni mwa waliofika, na uchapaji ukawa sehemu ya kazi ya misheni hiyo. Vijana waliosoma hapo walijifunza kupanga herufi za risasi, moja baada ya moja. Mwaka 1888 shule ya Kiungani ilianza kutoa Msimulizi, ambalo huhesabiwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Katika kazi ya namna hiyo, ukurasa ukishachapwa, herufi zake zilifunguliwa na kurudishwa katika visanduku vyake ili zipange ukurasa mwingine. Mpangilio ulivunjwa siku ileile kazi ilipokwisha, wala hapakuwa na aliyeulilia, maana karatasi ilikuwa imeyachukua yote yaliyotakiwa.

Lubumbashi ina ushahidi wake wa jambo hilo. Mwaka 1965, mji ulipokuwa ungali unaitwa Élisabethville, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa Kiswahili cha wenyeji wake, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani. Kazi hiyo ilipewa jina la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, ikapigwa kwa taipureta. Haikutolewa na shirika la vitabu, haikusahihishwa na mhariri, na tahajia yake haikufuata kanuni za Kiswahili sanifu: mahali pengine maneno yameunganishwa, pengine yametenganishwa. Johannes Fabian alipoitoa upya mwaka 1990 pamoja na tafsiri na insha, akishirikiana na Kalundi Mango na Walter Schicho, maandishi hayo yalilazimika kwanza kusomwa kwa sauti ili mipaka ya maneno idhihirike. Kazi ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa kazi ya lugha. Hapakuhitajika kuitafuta taipureta iliyotumika mwaka 1965.

3. Kuzaliwa na kustaafishwa kwa PageMaker

PageMaker ilitolewa mwaka 1985 na Aldus, kampuni iliyoanzishwa na Paul Brainerd huko Seattle, Marekani, mwaka uliotangulia. Jina la kampuni lilimkumbuka Aldus Manutius, mpiga chapa wa Venice aliyefariki mwaka 1515, ambaye alivipunguza vitabu vya wanazuoni hadi vikatosha kubebwa mkononi. Programu hiyo ilitokea wakati mmoja na vitu vingine viwili: kompyuta ya Macintosh na printa ya leza ya kampuni ya Apple iliyotumia lugha ya PostScript, ambayo ilikuwa imebuniwa na kampuni ya Adobe. Printa hiyo iliuzwa dola 6,995, na programu dola 495. Kwa mtu binafsi bei hizo zilikuwa kubwa mno, lakini zilikuwa ndogo sana zikilinganishwa na gharama ya kiwanda cha chapa. Hapo ndipo ulipozaliwa uchapishaji wa mezani.

Sababu ya kupendwa kwake ni rahisi kuieleza. Kabla ya hapo mpangaji wa kurasa alikata vipande vya maandishi kwa mkasi, akavibandika kwa gundi juu ya karatasi ngumu, akavisogeza mpaka vikakaa sawa. PageMaker iliiga meza hiyo. Kwenye kioo palikuwa na ukurasa, na kando yake palikuwa na nafasi ya kuweka vipande ambavyo bado havijapata mahali. Mhariri aliyejua kazi ya mikono aliielewa programu kwa muda mfupi, na asiyeijua alijifunza kazi zote mbili kwa pamoja. Toleo la kompyuta za Windows lilifuata mwaka 1987. Kwa chuo, kanisa, chama au jarida lenye wasomaji mia chache, hilo lilimaanisha kwamba chumba kimoja chenye umeme kilitosha kupanga kijitabu kizima.

Mwisho wake ulikuja kwa hatua. Mwaka 1994 Aldus iliunganishwa na Adobe, ambayo mwaka 1999 ilitoa programu mpya, InDesign. Toleo la mwisho la PageMaker, la 7, lilitoka mwaka 2001, na mwaka 2004 Adobe ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena. Programu haikufa siku hiyo. Iliendelea kufunguka katika kompyuta zilizokuwa nayo. Ila kompyuta nazo huzeeka. PageMaker haikuwahi kuandikwa upya kwa ajili ya mfumo mpya wa Macintosh, Mac OS X. Ilifanya kazi ndani yake kwa kuazima mazingira ya mfumo wa kale, na Macintosh zilizoanza kuuzwa mwaka 2006 zikiwa na vichakataji vya Intel hazikuwa tena na mazingira hayo.

4. Kiswahili ndani ya faili

Jambo la pili, ambalo humhusu mwanaisimu zaidi, ni namna maneno yenyewe yalivyoingizwa katika faili hizo. PageMaker ilikata maneno mwishoni mwa mstari kwa kufuata kamusi za lugha ilizoandaliwa, nyingi zikiwa za Ulaya. Kiswahili hakikuwamo. Kanuni za silabi za Kiingereza au Kifaransa haziwezi kulikata kwa usahihi neno kama wanapokutanishwa, ilhali kanuni ya Kiswahili ni nyepesi: silabi huishia kwenye irabu, wa-na-po-ku-ta-ni-shwa, isipokuwa pale ambapo m au n hubeba silabi peke yake, kama katika mtu na nchi, na katika baadhi ya maneno ya mkopo kama labda. Aidha, neno kama ng'ombe halikubali kukatwa baada ya alama yake ya ritifaa.

Kwa hiyo mpangaji wa Kiswahili alikuwa na njia mbili. Aliweza kuizuia programu isikate maneno kabisa, na mistari ikajaa mianya. Au aliweza kukata kwa mkono. Programu ilikuwa na kistari maalumu ambacho huonekana tu neno linapofika mwisho wa mstari. Aliyekijua hakuacha athari mbaya. Asiyekijua alipiga kistari cha kawaida, na kwenye karatasi vistari hivyo viwili havitofautiani. Tofauti hujitokeza maandishi yanapohamishiwa programu nyingine na mistari kubadilika urefu: wana-pokutanishwa hujikuta katikati ya mstari, likiwa na kistari kisichohitajika. Msomaji atalirekebisha kwa jicho bila shida. Kompyuta inayotafuta neno hilo katika hazina ya matini haitalipata. Mtafiti wa viambishi anayehesabu kwa njia hiyo atahesabu pungufu bila kujua.

5. Njia za kukabiliana na hali

Njia ya kwanza ni kuitunza kompyuta ya zamani pamoja na programu yake. Inafaa kwa muda, na wakati mwingine ndiyo pekee inayowezesha faili kongwe kufunguliwa na kuhifadhiwa upya katika toleo la baadaye. Haifai kuwa tegemeo. Disketi huharibika kwa joto na vumbi, na kukatika kwa umeme hakuisamehe mashine iliyozeeka.

Njia ya pili ni kuhamisha faili. InDesign iliweza kufungua faili za matoleo ya mwisho ya PageMaker, lakini uwezo huo uliishia katika toleo la CS6 la mwaka 2012. Msaada uliofuata ulitoka upande mwingine, na historia yake inagusa Kiswahili. Mwaka 2004, mwaka uleule PageMaker ilipositishwa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na washirika kutoka Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya OpenOffice.org katika Kiswahili. Kutokana na OpenOffice.org ilizaliwa LibreOffice mwaka 2010, na tangu mwaka 2015 LibreOffice imeweza kusoma faili za PageMaker. Mlango uliofungwa na mwenye mali ulifunguliwa na watu waliochambua muundo wa faili na kuutangaza hadharani. Hata hivyo, kinachopatikana si ukurasa kamili wa awali. Herufi na nafasi huweza kubadilika, na kila ukurasa hauna budi kulinganishwa na nakala ya karatasi.

Njia ya tatu ni kutenganisha mambo mawili ambayo programu iliyachanganya, yaani sura ya ukurasa na maneno yake. Sura huhifadhiwa katika muundo wa PDF, uliotolewa mwaka 1993 na kufanywa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Maneno huhifadhiwa kando kama matini tupu, vistari vya mkono vikiwa vimeondolewa. Matini tupu haina uzuri wowote, lakini haimtegemei mtengenezaji yeyote.

Kazi hii haina nafasi ya kungojea. Publisher, programu ya Microsoft iliyoanza mwaka 1991 na kutumiwa na shule na parokia nyingi, nayo ilitangaziwa mwisho wake: mwezi Oktoba 2026 ndio uliowekwa.

6. Hitimisho

Kutoka Kasenga, kando ya mto Luapula, hadi Lubumbashi ni safari ya takribani kilomita 200. Kijitabu kilichochapwa kikisafirishwa katika njia hiyo hufika kikiwa kinasomeka. Faili ikisafirishwa hufika salama vilevile, lakini kusomeka kwake hutegemea uamuzi uliofanywa Seattle au California na watu wasiojua kwamba ipo.

Inapendekezwa basi kwamba kila idara inayotoa jarida la Kiswahili ianze na orodha ya faili zake za zamani, iyahamishe maandishi wakati mashine za kuyafungulia zingali zinawaka, na kwa kila toleo jipya iweke maktabani vitu vitatu: karatasi, PDF na matini tupu. Maandishi ya André Yav, yaliyopigwa kwa taipureta bila mhariri wala fedha, yamevuka zaidi ya miaka 60 na yangali yanasomwa. Jarida lililopangwa kwa ustadi mkubwa katika PageMaker mwaka 1995, ikiwa nakala zake za karatasi zimekwisha na faili yake haijahamishwa, halina hakika hiyo.