Dakika Ishirini za Kila Siku: Mazoea Madogo na Umilisi wa Lugha ya Kigeni Timau

Timau, mji mdogo ulio kando ya barabara ya Nanyuki kuelekea Meru, ni mahali pa lugha nyingi. Kimeru ndicho cha nyumbani na sokoni, Kiswahili huwaunganisha vibarua wa mashamba ya maua, ngano na viazi waliotoka kaunti mbalimbali, na Kiingereza ni cha darasani na ofisini. Siku hizi wako pia vijana wanaokitazamia Kijerumani. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano kuhusu uhamiaji wa wafanyakazi. Hata hivyo, muuguzi wa kigeni anayetaka kutambuliwa Ujerumani kwa kawaida hutakiwa awe amefikia kiwango cha B2 cha Kijerumani, katika ngazi za Ulaya zinazoanzia A1 hadi C2. Makala haya yanadai kwamba mazoea madogo ya kila siku ndiyo nguzo ya umilisi huo, mradi yafungamanishwe na shughuli ambayo mwanafunzi anaifanya tayari, na yamlazimishe kuitumia lugha badala ya kuisikiliza tu.

Hoja ya kwanza inatokana na kumbukumbu yenyewe. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Aligundua kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku 3 yalimfaa sawa na marudio 68 ya mfululizo katika siku moja. Kwa hiyo, anayekesha na kitabu usiku mmoja kwa wiki anatoka jasho jingi kwa mavuno haba. Anayerudia kidogo kila siku huyashika maneno kabla hayajamponyoka.

Hoja ya pili inahusu namna mazoea yanavyoota mizizi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha mwaka 2010 utafiti uliofuatilia watu 96, kila mmoja akijijengea tabia moja mpya. Tabia ilichukua kati ya siku 18 na 254 kuzoeleka, kipimo cha kati kikiwa siku 66, na kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Jambo la msingi ni kwamba kila tabia ilifungwa kwenye tukio la kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa. Timau haina uhaba wa matukio ya namna hiyo: kukamua ng'ombe alfajiri, kungojea matatu stendi, chai ya saa nne shambani. Kiswahili chenyewe huenea hapa kwa njia hiyo. Kibarua mgeni hakihitaji kwa ajili ya mtihani. Anakihitaji kila asubuhi kumsalimu msimamizi, kuuliza bei na kuelewana na mwenzake wa zamu.

Je, dakika ishirini za kila siku zijazwe nini? Tuchukue daftari dogo la mfukoni. Ukurasa wa leo una maneno matatu ya Kijerumani yanayohusu mazingira ya Timau: der Weizen, ngano, die Kartoffel, kiazi, das Wasser, maji. Kila nomino imeandikwa na kibainishi chake, kwa kuwa Kijerumani kina jinsia tatu za nomino na upatanisho wa sentensi hutegemea jinsia hiyo. Mzungumzaji wa Kimeru au Kiswahili, aliyelelewa na ngeli, ana sikio lililozoea jambo hili. Anafunika upande wa Kijerumani, anautaja kwa sauti, kisha anatunga sentensi moja kuhusu shamba analoliona. Kesho anaanza na maneno ya leo kabla ya kuongeza mapya.

Kuna pingamizi mbili zenye uzito. Kwanza, dakika 20 kwa siku ni takriban saa 122 tu kwa mwaka, na hizo pekee hazimfikishi anayeanzia sifuri kwenye B2. Ni kweli, ndiyo maana mazoea hayachukui nafasi ya darasa, bali huyalinda yaliyofundishwa darasani yasipotee. Pili, mtu anaweza kurudia yaleyale mwaka mzima na makosa yake yakakomaa. Dawa yake ni kuongeza ugumu hatua kwa hatua na kupata msahihishaji, awe mwalimu au mwenzake anayesikiliza sauti iliyorekodiwa kwa simu mara moja kwa wiki.

Wajibu basi unawaangukia walimu pia. Rundo la mazoezi ya Ijumaa ligawanywe liwe kazi fupi ya kila jioni, na tathmini ipime kuzungumza kwa uzito uleule wa kuandika. Kijana wa Timau ambaye mzazi wake hana karo ya kozi ndefu mjini ananufaika zaidi na mpangilio huu, maana hautegemei fedha bali saa zilizomo tayari ndani ya siku yake ya kazi. Kumnyima maarifa haya ya namna ya kujifunza ni kumwachia mlango wa ajira ukiwa umefungwa.